Kairali si ulinganifu: istilahi za vichocheo vya metali katika usanisi teuzi

Mwaka juzi mwanafunzi mmoja wa shahada ya uzamili katika tafsiri aliniletea rasimu ya makala ya kisayansi aliyokuwa ameifasiri kwa ajili ya jarida la wanafunzi wa sekondari. Makala yenyewe ilieleza kazi iliyowapatia William Knowles, Ryoji Noyori na Barry Sharpless Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 2001, yaani uundaji wa vichocheo vya metali vinavyoweza kuzalisha umbo moja tu kati ya maumbo mawili ya molekuli. Sentensi yake ya pili ilisomeka hivi: “Vichocheo vya metali vyenye ulinganifu hutoa kampaundi teule.” Niliisoma, nikarekebisha mkato mmoja mahali pengine, nikaipitisha. Wiki chache baadaye mwalimu wa kemia alituandikia, kwa adabu kubwa, kuuliza iwapo tulikuwa tumegundua kemia mpya, maana kichocheo kinacholingana na taswira yake ya kioo ndicho hasa kisichoweza kuifanya kazi tuliyoieleza.

Kosa lilikuwa langu zaidi kuliko la mwanafunzi. Sentensi ina maneno manane na makosa mawili, na yote mawili ni ya lugha kabla hayajawa ya kemia: “ulinganifu” na “teule”. La tatu, lililokuwa zito kuliko hayo, lilijificha katika aya ya mwisho ya rasimu na nitalifikia.

Tuanze na neno lenyewe. Mwaka 1893, katika mhadhara aliotoa Oxford, Lord Kelvin alipendekeza istilahi mpya kwa ajili ya umbo lolote ambalo taswira yake katika kioo bapa haiwezi kulazwa juu yake ikalingana nalo nukta kwa nukta. Alilitoa neno hilo katika Kigiriki, *kheir*, yaani mkono. Mfano hauhitaji maabara. Mikono yetu miwili ina vidole vilevile kwa mpangilio uleule. Hata hivyo ukiulaza wa kulia juu ya wa kushoto, viganja vyote vikitazama chini, kidole gumba cha mmoja kitaangukia kidole cha mwisho cha mwingine. Kinachotofautisha si viungo bali ni upande. Molekuli nyingi za kaboni zina hali hiyohiyo, hasa pale atomu moja ya kaboni inapofungwa na vikundi vinne visivyofanana. Jozi ya molekuli kama hizo, moja ikiwa taswira ya kioo ya nyingine, huitwa enantioma.

Mwanafunzi wangu aliona “taswira ya kioo” katika matini chanzi akakimbilia “ulinganifu”. Ni rahisi kuelewa sababu. Katika mazungumzo ya kila siku sura ya mtu na sura yake ya kioo zinalingana. Lakini maana ya istilahi hii ni kwamba ulinganifu huo haupo: enantioma mbili zinafanana kwa kila kipimo cha kawaida, zikiwemo nukta ya kuyeyuka na nukta ya kuchemka, ilhali haziwezi kukaa mahali pamoja, kama vile glavu ya kulia isivyovalika mkono wa kushoto.

Mfano ninaoupenda kwa wanafunzi wa pwani umo jikoni. Nanaa na kisibiti hazinukii sawa hata kidogo, na hakuna mpishi atakayetia moja mahali pa nyingine. Hata hivyo harufu bainifu ya kila moja hutokana zaidi na kampaundi iitwayo karvoni, ile ile moja kwa idadi na mfuatano wa atomu: enantioma moja imo katika nanaa, ya pili katika kisibiti. Pua hutofautisha kwa kuwa vipokezi vyake navyo vimejengwa kwa molekuli zenye upande. (Mwalimu wa Zanzibar atakayetamani kutumia karafuu kama mfano nampa pole: yujenoli, inayotawala harufu ya karafuu, si kairali.)

Baada ya kusahihishwa, mwanafunzi alirudi na pendekezo la pili: “vichocheo visivyo na ulinganifu”. Hapa ndipo wengi hudhani tatizo limekwisha, na kamusi ndogo kadhaa za lugha nyingine zimeshikilia hapohapo. Nalo si sahihi. Tazama pangaboi lililoning'inia darini. Lizungushe kwa thuluthi moja ya duara, nalo litakaa kana kwamba halijaguswa. Lina ulinganifu wa mzunguko usio na shaka. Lakini mapanga yake yameinama upande mmoja, na pangaboi utakaloliona kiooni lina mapanga yaliyoinama upande wa pili. Basi pangaboi ni kairali na lina ulinganifu kwa wakati mmoja. Huu si mchezo wa maneno. Baadhi ya molekuli zilizofanikiwa mno katika taaluma hii, ambazo tutaziona hapa chini, zina ulinganifu wa mzunguko wa nusu duara, na wanakemia waliuweka humo kwa makusudi ili kupunguza idadi ya njia ambazo mmenyuko ungeweza kuzifuata. Mfasiri akiziita “zisizo na ulinganifu” atakuwa amekanusha sifa ambayo aya inayofuata itaisifu. Ni kweli kwamba wanakemia wenyewe husema “usanisi asimetri”, na istilahi hiyo imeshakomaa kiasi cha kutobishaniwa. Tuiache ilipo, kama jina la fani, wala tusiitumie kufafanulia neno kairali.

“Kichocheo” limekaa vizuri katika Kiswahili na sina nia ya kulitikisa. Kiambishi *ki-* pamoja na irabu ya mwisho *-o* hutupa kifaa, jambo linalofaa, maana kichocheo huharakisha mmenyuko bila chenyewe kutumika na kwisha. Ila unyambuaji wake una mtego. Mtendaji wa kuchochea ni “mchochezi”, na kitendo chake ni “uchochezi”, maneno ambayo kwa msomaji wa magazeti yana harufu ya mahakama. Nimewahi kuona kichwa cha habari cha tasnifu kikitaja “uchochezi wa metali”, nikadhani ni habari za vyama vya wafanyakazi wa migodini. Kwa kemia tumia “uchocheaji”. Pia mfasiri asisahau kwamba kuchochea moto ni kuuongezea nguvu, ilhali kichocheo cha kemia hakiongezi nishati yoyote. Kinaufungulia mmenyuko njia nyingine yenye kizingiti cha chini cha nishati. Kimeng'enya ni aina mojawapo ya kichocheo, kile kinachoundwa na viumbe hai, na maneno hayo mawili hayabadilishani.

Sasa metali. Atomu ya metali kama rodi au rutheni, ikisimama peke yake, haina mkono. Ni mviringo, haina upande wa kupendelea. Ili ichague, sharti izungukwe na molekuli zinazoishika na kuipa umbo, na hizo ndizo ligandi, neno litokanalo na Kilatini kwa maana ya kufunga. Ligandi ikiwa kairali, nafasi inayobaki kuizunguka metali huwa kama mfuko wa glavu: molekuli inayoingia kwa mkao mmoja hukaa vyema, na ile inayoingia kwa mkao wa pili hugongana na kuta. Chukua molekuli bapa yenye bondi maradufu. Ina nyuso mbili. Hidrojeni ikiongezwa kupitia uso mmoja hupatikana enantioma ya kwanza. Kupitia uso wa pili hupatikana nyingine. Bila mwelekezi, nyuso zote mbili hupata hidrojeni sawasawa, nasi twaambulia nusu kwa nusu. Kichocheo kairali hakihitaji kuufunga kabisa uso mmoja. Tofauti ya kilojuli 10 hivi kwa moli kati ya vizingiti viwili, katika joto la kawaida la chumba, yatosha kuleta uwiano wa takriban 98 kwa 2.

Knowles, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Monsanto mjini St. Louis, Marekani, aliichukua rodi kama ilivyotumika katika kichocheo maarufu cha Geoffrey Wilkinson, akaondoa ligandi zake za fosforasi za kawaida na kuweka nyingine ambazo atomu yake ya fosforasi ilifungwa na vikundi vitatu visivyofanana, hivyo zikawa na upande. Matokeo aliyotangaza mwaka 1968 yalikuwa ziada ya enantioma ya asilimia 15. Ni kidogo, wala hakuna kiwanda ambacho kingeikubali, lakini ilithibitisha kuwa jambo lenyewe linawezekana. Ligandi alizoziboresha baadaye zilifikia DIPAMP, iliyotoa ziada ya asilimia 95 katika utengenezaji wa L-DOPA, dawa ya ugonjwa wa Parkinson, na katika miaka ya 1970 kampuni hiyo ikaanza kuizalisha kwa njia hiyo. Huo ulikuwa usanisi wa kwanza wa kiwandani uliotegemea uchocheaji asimetri wa metali.

Msomaji asiruke neno “ziada” hapo juu, maana ndilo linalopotezwa mara nyingi zaidi katika tafsiri. Ziada ya enantioma ni tofauti kati ya asilimia ya enantioma iliyo nyingi na ya ile iliyo chache. Si kiwango cha usafi. Ziada ya 95 maana yake ni 97.5 dhidi ya 2.5; ziada ya 15 ni 57.5 dhidi ya 42.5; na mchanganyiko wa nusu kwa nusu una ziada ya sifuri, wala si ya hamsini. Nimesahihisha tafsiri iliyosema “asilimia 15 tu ya zao ilikuwa sahihi”. Kama ingekuwa hivyo, kichocheo kingekuwa kimechagua upande wa pili kwa ushindi mkubwa, na Knowles angefurahi kupita kiasi.

Noyori alianza na shaba mwaka 1966 akiwa kijana Kyoto, akapata ziada ndogo mno. Jina lake limefungamana na ligandi BINAP, ambayo yeye na wenzake waliitangaza mwaka 1980 baada ya miaka mingi ya kuhangaika kuitengeneza. BINAP inastahili kuzingatiwa na mwanaisimu kwa sababu haina hata atomu moja ya kaboni yenye vikundi vinne tofauti. Ina mabapa mawili yaliyounganishwa kwa bondi moja, yakabanana kiasi kwamba hayawezi kupitana, hivyo yamepindika moja upande huu na jingine upande ule, kama mapanga ya lile pangaboi letu. Ina mkono, na ina ulinganifu wa mzunguko. Kwa rodi na BINAP, kampuni ya Takasago ya Japani ilianza katika miaka ya 1980 kutengeneza mentoli. Mentoli ina vituo vitatu vyenye upande, na kwa hiyo maumbo manane yanawezekana. Lile moja tu lipatikanalo katika mnanaa ndilo linalotakiwa kwa ubaridi wake ulimini. Kwa rutheni na BINAP hutengenezwa pia kampaundi ndogo ambayo ni hatua katika usanisi wa kiuavijasumu levofloxacin.

Na hapo ndipo kosa la tatu la mwanafunzi lilipokuwa. Katika aya ya mwisho alikuwa ameandika “ofloxacin”, akanieleza kwamba aliondoa “levo-” kwa kudhani ni pambo la kibiashara, ili kurahisishia wasomaji vijana. Dawa hizo ni mbili. Ofloxacin ni mchanganyiko wa enantioma zote mbili nusu kwa nusu. Levofloxacin ni ile moja inayofanya karibu kazi yote ya kuua bakteria, na kwa hiyo kwa uzito uleule ina nguvu takriban maradufu. Katika makala ya jarida la shule, aibu ndiyo hasara yote. Katika karatasi ya maelezo ya dawa, silabi mbili alizozifuta zingebadili kipimo. Levofloxacin hutumika pia dhidi ya kifua kikuu sugu, na karatasi za namna hiyo hufasiriwa kwa Kiswahili. Watafsiri wake baadhi nimewafundisha mimi. Tangu siku hiyo mtihani wangu wa tafsiri ya kitaalamu una swali moja la viambishi vya majina ya dawa, na silitangazi.

Mchanganyiko huo wa nusu kwa nusu huitwa rasemi, neno lenye historia ya kupendeza: Kilatini *racemus* ni kishada cha zabibu. Mwaka 1848 Louis Pasteur, akichunguza chumvi ya asidi itokanayo na utengenezaji wa mvinyo, aligundua kuwa fuwele zake zilikuwa za aina mbili, kila aina taswira ya kioo ya nyingine, akazitenga moja moja kwa koleo. Miaka 132 baadaye, mwaka 1980, Sharpless na Tsutomu Katsuki walitwaa kampaundi ya jamii hiyohiyo ya asidi ya mvinyo, wakaifanya ligandi ya titani, nao wakaweza kuamua atomu ya oksijeni iingie kwenye bondi maradufu kupitia uso upi. Ukitumia mkono mmoja wa ligandi hiyo unapata enantioma moja. Ukitumia wa pili, unapata nyingine. Urahisi wa vifaa vyake, ambavyo maabara yoyote ingeweza kununua, ndio ulioisambaza njia hiyo duniani.

Walimu wengi hupenda kueleza umuhimu wa haya yote kwa msiba wa thalidomaidi, dawa iliyoanza kuuzwa Ujerumani Magharibi mwaka 1957 na kuondolewa mwaka 1961 baada ya watoto wengi kuzaliwa na ulemavu wa viungo. Mfano huo una nguvu, lakini husimuliwa nusu. Enantioma za thalidomaidi hugeukiana ndani ya mwili, kwa hiyo kumpa mjamzito moja tu kusingemwokoa mtoto. Anayeutumia aseme na hilo.

Nirudi kwenye “teule”. Kiswahili kina utofautisho ambao lugha nyingi zingeuonea kijicho: *-teule* ni kilichochaguliwa, *-teuzi* ni chenye kuchagua. Taifa teule, kamati teule. Lakini mteuzi ni yule asiyekula kila anachoandaliwa. Kichocheo hakikuchaguliwa na mtu. Chenyewe ndicho kinachochagua. Basi ni “kichocheo teuzi”, “usanisi teuzi”, na sifa yenyewe ni “uteuzi”. Enantioma inayopatikana waweza kuiita teule ukipenda. Nimepekua tafsiri kadhaa za sayansi na kuona *-teule* likitumika pande zote mbili, na matokeo yake ni kwamba msomaji hajui ni nani aliyechagua nani.

Kuhusu herufi na ishara zinazotangulia majina, sheria yangu ni fupi: usizifasiri. L, D, R, S, pamoja na ishara za kujumlisha na kutoa, zinatoka katika mifumo mitatu tofauti, na haziendi sambamba. D-fruktosi, sukari ya matunda, ina D itokanayo na neno la kulia, ilhali huuzungusha mwanga kuelekea kushoto. Mfasiri aliyeandika “fruktosi ya kulia” ameeleza ukoo wake tu, na msomaji atadhani ameelezwa tabia yake. Tena Kiswahili kina kikwazo cha ziada. “Mkono wa kulia” ni mkono wa kulia chakula, na neno hilohilo lina maana ya kutoa machozi. “Molekuli ya kulia” ilisababisha kicheko darasani kwangu ambacho kilichukua muda kutulia.

Yabaki swali la umbo la neno. Wapo wanaotaka Kiswahili kifuate nyayo za Kelvin moja kwa moja kwa kusema “-a mkono”. Ningelipokea kwa mikono miwili kama si kwamba tayari “-a mkono” ni kinachoendeshwa au kushikwa kwa mkono: simu ya mkono, saa ya mkono, pampu ya mkono. “Kichocheo cha mkono” kingeeleweka kama kijiti cha kukorogea. Wengine wanapendekeza “kirali”, lililo karibu zaidi na Kigiriki na linalofanana na umbo la Kijerumani na Kifaransa. Sina hoja ya kulipinga isipokuwa kwamba walimu wetu wa kemia hutamka “kairali”, na istilahi inayotamkwa darasani ina haki ya kuandikwa. Lichukuliwe kama kivumishi kisichobadilika, mfano wa “safi”: kichocheo kairali, vichocheo kairali, ligandi kairali, nomino yake “ukairali”, na kwa ukanushi, “isiyo kairali”. Mahali linapotokea mara ya kwanza lifuatwe na maelezo mafupi yenye neno “mkono” au “upande”, kisha liachwe lisimame lenyewe.

Sentensi ya mwanafunzi, kama ilivyochapishwa katika toleo lililofuata la jarida pamoja na kuombwa radhi, ilikuwa hii: “Vichocheo kairali vya metali, yaani vile ambavyo ligandi zake zina upande kama mkono, huzalisha kwa uteuzi enantioma moja badala ya mchanganyiko wa mbili.”